Gitaa la Kwanza: Uchaguzi wa Mwanafunzi wa Lipangalala

Gitaa la kwanza ni lile ambalo mtu hujifunzia, kabla hajajua vizuri atapiga muziki wa aina gani. Kwa mkazi wa Lipangalala, kata ya mji wa Ifakara katika Bonde la Kilombero, kulichagua kuna ugumu wa namna mbili: mnunuzi bado hana sikio la kutofautisha gitaa zuri na bovu, na hali ya hewa ya bondeni haizihurumii mbao. Gitaa bovu huleta hasara inayozidi fedha. Nyuzi zikikaa juu mno, vidole huuma bila faida. Funguo zikiwa legelege, sauti hupotea kila baada ya dakika chache. Mwanafunzi huishia kuamini kwamba hana kipaji, kumbe kosa lilikuwa la chombo.

Mkoa wa Morogoro, ilimo Ifakara, una urithi mkubwa wa gitaa. Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948, na Mbaraka Mwinshehe alipiga solo katika Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, lakini nyimbo zake hazijatoka redioni. Kijana aliyekua akizisikia hutamani kuanza moja kwa moja na gitaa la umeme, tena la solo. Hamu hiyo ni njema, ila katika bendi ya dansi solo husimama juu ya rizim na besi, na anayejua kushika rizim bila kuyumba hupata nafasi katika kundi mapema kuliko anayejua vipande vya solo peke yake. Gitaa la umeme pia halinunuliwi peke yake: lina kebo, lina amplifaya, na linangoja umeme uwepo. Linamfaa anayeanza ikiwa tu kuna bendi au kwaya ya jirani itakayomruhusu kutumia vyombo vyake. Wengine wote waanze na gitaa kavu.

Wanamuziki wakongwe wa Tanzania waliliita gitaa kavu galatoni. Jina hilo linatokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo magitaa yake ya bei nafuu yalienea sehemu nyingi za Afrika. Moja lilifika hadi Liverpool, Uingereza. Gallotone Champion, gitaa dogo la plaiwudi, ndilo alilokuwa nalo John Lennon tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton. Huku kwetu Afrika, mfano mkubwa wa gitaa kavu ni Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, alitoa besi na sauti ya juu kwa pamoja hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Anayeanza na gitaa kavu hajaanza na kitu cha daraja la pili.

Gitaa kavu lina aina mbili, na kosa kubwa la wanunuzi ni kuzichanganya. La kwanza lina nyuzi za nailoni: tatu nyembamba ni nailoni tupu, na tatu nene zimezungushiwa waya. Shingo yake ni pana, karibu milimita 50 hadi 52 pale inapoanzia, na nyuzi zake ni laini kwa vidole. La pili lina nyuzi za waya, shingo nyembamba ya milimita 43 hivi, na sauti kali inayosikika hata ukumbini. Nyuzi sita za waya huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, ilhali za nailoni huvuta karibu kilo 40. Kwa sababu hiyo nyuzi za waya hazifungwi kamwe kwenye gitaa la nailoni, hata kama za nailoni hazipatikani madukani na za waya zimejaa. Kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya tumbo kitabanduka, au tumbo lenyewe litafura. Magitaa mengi yameuawa hivyo, na aliyefanya hivyo alidhani anayatengeneza.

Kwa Lipangalala, la nailoni ndilo linalostahili kupendekezwa kwanza. Haliumizi vidole, na zile nyuzi tatu nyembamba hazishiki kutu. Mwenye kiganja kidogo atasumbuliwa na upana wa shingo. Huyo achukue la waya, afunge nyuzi nyembamba, namba 10 au 11. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na mmoja apewe gitaa la robo tatu. Kwa gitaa kamili la nailoni urefu wa uzi unaopigwa ni sentimita 65. Kwa la robo tatu ni karibu sentimita 58, na tofauti hiyo mkono mdogo unaihisi mara moja.

Fedha za mpunga hupatikana baada ya mavuno, na hapo ndipo wengi hupanda basi au treni ya TAZARA kwenda kununua. Anayekwenda Kariakoo, Dar es Salaam, abebe rula ya shule. Dukani, kabla ya kuuliza bei, ainue gitaa na kulitazama kwa jicho moja kuanzia kichwani mwa shingo, kama seremala anavyokagua ubao: shingo iliyopinda kama upinde au kujisokota irudishwe rafuni. Kisha apime nafasi kati ya uzi na freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili kinachokatiza shingo. Milimita 2 hadi 3 zinafaa kwa waya, 3 hadi 4 kwa nailoni; ikifika 5, aachane nalo. Aombe litiwe sauti sahihi, E, A, D, G, B, E kutoka uzi mnene, kwa programu ya simu. Halafu apige kila uzi ukiwa wazi, na tena akiubana kwenye freti ya 12. Sauti ya pili inapaswa kuwa ileile, juu kwa oktavu moja kamili. Ikipanda au ikishuka zaidi ya hapo, gitaa hilo litakuwa na kodi zisizopatana hata likitiwa sauti na fundi hodari. Baada ya hapo abane freti moja moja akisikiliza mlio wa waya unaogongagonga. Jaribio zima halichukui robo saa, na muuzaji anayelikataza amejibu swali.

Chapa na rangi vina uzito mdogo kuliko vipimo hivyo. Gitaa ambalo tumbo lake ni mbao nzima huwa na sauti tamu kuliko la plaiwudi, lakini plaiwudi huvumilia unyevu zaidi, na bondeni hiyo ni sifa. Kilombero ni ardhioevu iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2002. Wakati wa masika mbao hufyonza unyevu, tumbo huinuka na nyuzi huinuka nalo. Kiangazi kikifika, hunywea na huweza kupasuka. Chini ya bati joto la mchana hulegeza gundi. Gitaa likae ndani ya mfuko wake, mbali na sakafu kwa sababu ya mafuriko ya Mto Lumemo, na mbali na ukuta unaopigwa na jua. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, kwani jasho na unyevu huzila haraka.

Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa Ifakara hununua gitaa lililotoka mbali, ilhali mpingo wa Tanzania hutumika duniani kutengenezea klarineti na hata vibao vya shingo za magitaa. Fundi wa samani anayejua mninga na mtiki anaweza kuwa msaada mzuri wa matengenezo, mradi asitumie msumari. Gundi ya mbao na kibano vinatosha kurudisha kipande kilichobanduka. Msumari huupasua ubao unaotoa sauti.

Gitaa la mtumba si la kudharauliwa. Likaguliwe pale shingo inapoungana na tumbo, na nyuma ya kile kipande kinachoshika nyuzi: karatasi ikipenya chini yake, gundi imeshaachia. Nyuzi kuukuu zisimtishe mnunuzi, hubadilishwa. Anayetumia mkono wa kushoto ajaribu kwanza gitaa la kawaida kwa wiki chache, maana ya kushoto ni adimu. Akishindwa, aagize la kushoto hasa, kwani kugeuza nyuzi za gitaa la kulia hudai pia kuchonga upya ile mifereji inayozipokea mwanzoni mwa shingo.