Muwati wa Njombe na Kutu ya Chuma

Wasemaji wa Kiswahili husema kwamba chuma kimeota kutu, au kimeliwa na kutu. Usemi wa kwanza waifanya kutu kama ukungu. Wa pili waifanya mlaji. Kemia yasema jambo la tatu: chuma kipatapo maji na oksijeni hurudi katika hali iliyo karibu na ile ya mawe kilimotoka. Maneno hayo yangaliwaelea upesi wahunzi Wapangwa wa nchi ya Ludewa, kusini ya Njombe, ambao zamani waliyeyusha mawe ya chuma tanuuni na kufua majembe. Maana kazi waliyoifanya kwa moto na makaa, kutu huitangua kwa umande tu.

Nyanda hizo za juu zilipata mgeni ambaye habari zake zahusu kutu, ijapokuwa hakuletwa kwa ajili yake. Mgeni huyo ni muwati, mti wa asili ya kusini-mashariki mwa Australia, uliofika Natal katika karne ya 19 na baadaye Afrika Mashariki. Jina lake ni la Kiingereza lililovishwa ngeli ya miti. Mwaka 1949 ilianzishwa Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, chini ya Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, na mashamba yake yakawa Njombe. Kilichotakiwa hasa ni gome, ambalo huweza kuwa na tanini hata kufika theluthi ya uzito wake likikauka. Dondoo la gome huuzwa kwa watengenezaji wa ngozi.

Lakini tanini hushikana na chuma vilevile. Mwenye kumenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma huona kisu kimekuwa cheusi. Na wino wa Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa tanini na chumvi ya chuma. Ikipakwa juu ya kutu, tanini hushika chuma kilichomo, ikafanya utando mweusi wa kibuluu usioyeyuka majini. Katika miaka ya 1940 mhandisi Louis Armand wa reli za Ufaransa aliitia tanini pamoja na dawa nyingine katika maji ya magari ya moshi, ili kuyahifadhi matangi yake. Makambako reli ilichelewa: TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa 1976, na magari yake yalitumia dizeli tangu mwanzo. Basi reli ilipopita karibu na miwati, haikuwa na tangi la mvuke la kuhitaji gome la Njombe.

Tena kulikuwa na mshindani, nao ni krome. Chumvi zake ziliipunguzia tanini soko la ngozi, na namna nyingine ya krome ikawa kinga mashuhuri ya metali. Namna hiyo ya pili yajulikana sasa kuwa huleta saratani, na hiyo ni sababu moja ya wataalamu kuirudia mimea. Mwaka 2008 Joseph Buchweishaija na mwenzake Mhinzi, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa uchunguzi juu ya utomvu wa mgunga uitwao Acacia seyal, ulio jamaa ya muwati, katika kuzuia ulikaji wa chuma. Mwaka 2009 Buchweishaija alitoa mapitio mapana ya vizuizi vitokanavyo na mimea.

Hapa ndipo lugha yahusika. Wengi wangeuita utomvu au maji ya gome dawa ya kutu. Jina hilo laeleweka, lakini laahidi uponyaji, na tanini haiponyi: chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi. Utando wake ni mwembamba, wahitaji rangi juu yake; na kwa kuwa ina uchachu, ikitiwa pasipo kipimo yaweza kudhuru. Fundi wa Makambako aliyeambiwa dawa atapaka mara moja, kisha atangoja. Aliyeambiwa kizuia kutu atajua kwamba kazi yake ni kuchelewesha, naye atarudi kutazama. Kwa hiyo kizuia kutu chafaa kuliko dawa. Gome la Njombe lilijulikana kwa kazi moja, ya ngozi, kwa sababu soko lilitaja hiyo tu. Kazi ya pili haina budi kupewa jina lake la kweli kabla ya kupelekwa kwa watu.