Chumba cha Kupanga katika Mji wa Dar es Salaam

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza habari za chumba cha kupanga. Twasema chumba wala hatusemi nyumba, kwa sababu mtu wa mapato madogo katika mji wa Dar es Salaam kwa kawaida hakupanga nyumba. Alipanga chumba kimoja, akalaza humo mkewe na watoto na kuweka mizigo yake yote. Serikali zilizosahau tofauti hii zilijitaabisha bure, kama tutakavyoona.

Mji huu ulianzishwa na Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860. Wadachi waliufanya makao makuu yao mwaka 1891, na Waingereza wakauteka mwaka 1916. Wakati wa vita ile kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi nyuma ya mji, na hapo ndipo lilipotoka jina la Kariakoo. Baada ya vita mahali pale palipimwa mitaa iliyonyoka, Mwafrika akapewa kiwanja. Hakuuziwa, alilipa kodi ya kiwanja, akajijengea mwenyewe kwa miti, udongo na makuti.

Nyumba aliyoijenga yafaa kuelezwa vizuri. Mbele ina baraza. Ukiingia wakuta ukumbi mrefu unaopita katikati mpaka uani, na vyumba vitatu upande huu, vitatu upande huu. Uani mna jiko, choo na mahali pa kuogea. Mwenye nyumba, na wengi walikuwa wanawake, alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha kwa mtu wa Rufiji aliyekuja kufanya kazi bandarini, au kwa Mzaramo muuza mkaa, au kwa mjane. Hatusemi kwamba wenye nyumba wote walikuwa na huruma. Lakini aliyepikia ua mmoja na mpangaji wake alijua mwezi gani mtu huyo amekosa kazi, akaweza kumngoja. Kwa maoni yetu, hakuna ofisi yoyote iliyowapa makazi maskini wa Dar es Salaam wengi kama nyumba hii ya vyumba sita.

Wakati wa Vita ya Pili watu walizidi kuingia mjini, na vifaa vya kujengea vikawa adimu. Vyumba vikajaa, na vyakula na nguo vikapanda bei. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari waligoma, na mgomo ukaenea. Serikali ilijenga kota pande za Ilala, Temeke na Magomeni, lakini hazikutosha, na mchuuzi asiye na tajiri wa kumwombea hakuwa na njia ya kuzipata.

Baada ya uhuru likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, mwaka 1962. Nia yake ilikuwa njema: nyumba za makuti zivunjwe, mwenye nyumba ajengewe nyumba ya matofali ya saruji, alipe kidogo kidogo. Basi tazameni hesabu yake. Katika daftari, nyumba moja imetoka na nyumba moja imeingia. Lakini katika ile iliyotoka huenda walikuwamo watu wa nyumba tano wasioandikwa popote, kwa kuwa si wao wenye kiwanja. Hao walikwenda wapi siku ya kuvunja? Walihamia kwa jamaa, au pembeni kusikopimwa. Na mwenye nyumba mwenye deni la kulipa hana budi kuongeza kodi. Aliyetoka kwenye makuti atarudije kwenye saruji? Wakati huo huo mji ulikuwa mbioni: mwaka 1957 ulikuwa na watu 128,742, na mwaka 1967 watu 272,821. Mji unaozidi hivyo hauwezi kuvunja vyumba vyake.

Kufika 1972 shauri hilo likageuzwa. Kwa msaada wa Benki ya Dunia vikapimwa viwanja vyenye barabara na maji, kama vile Sinza na Kijitonyama, na Benki ya Nyumba Tanzania ikatoa mikopo. Viwanja vingi viliishia kwa wenye mishahara mizuri. Kazi tunayoisifu zaidi ni ile ya Manzese, ambako nyumba ziliachwa zisimame, zikaletewa barabara na maji. Benki ile ya Nyumba ilianguka mwaka 1995, na sheria ya kuzuia kodi kupanda, ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005.

Mara moja tu tumeona wapangaji wenyewe wakihesabiwa. Kota za Magomeni zilivunjwa, na kaya 644 zilizokaa humo zikatawanyika. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba zitarudi na kukaa miaka mitano bila kodi. Maghorofa yakajengwa, yakazinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Katika sensa ya mwaka ule ule Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728.

Waliosalia katika hao hutafuta chumba mbali zaidi kila mwaka, kama vile kata ya Wazo, upande wa kaskazini wa Kinondoni, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1966. Huko mtu akipata kiwanja huanza na banda la uani: vyumba vitatu au vinne kwa safu. Huvipangisha, na kodi yake hununua matofali ya nyumba kubwa ya mbele. Ndiyo sababu huitaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka, kwa mkupuo mmoja. Mifuko ya saruji hainunuliwi kwa senti za kila wiki. Lakini mpangaji wake ni mama lishe au fundi wa kibarua, ambaye fedha humjia kwa siku. Akikipata chumba kwa dalali, hulipa na mwezi mmoja wa dalali juu yake, kabla hajaingiza mkeka wake ndani. Nyumba ya mbele ikiisha, mara nyingi inapigwa rangi kwa fedha yake, naye bado yu uani.