Akina Mama, Mizani na Kikao cha Queens

Ukimuuliza msomaji wa habari za lishe ni nani aliyewafundisha akina mama wa Marekani kupunguza mwili baada ya kuzaa, atakutajia daktari. Na kama ni mtu wa mashaka, atakutajia mfanyabiashara. Wote wawili wamo katika historia hii, ila walichelewa kufika. Madaktari walikuwa na orodha za vyakula miaka mingi kabla watu hawajazifuata, na wafanyabiashara walinunua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Hoja yangu ni kwamba chombo chenyewe, yaani kikao cha wanawake wanaolinganisha uzito wao, njia zao na vile walivyokula kwa siri, kilibuniwa na akina mama wenye watoto wadogo katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba kilichowasukuma kukibuni ni upweke zaidi kuliko unene.

Wazo la kupunguza mwili kwa pamoja lilikuwepo mapema zaidi. Mwaka 1918 Dk. Lulu Hunt Peters wa California alichapisha Diet and Health, kitabu kidogo cha utani na michoro kilichowafundisha wanawake kuacha kuona kipande cha mkate na kuona kalori 100. Yeye mwenyewe alikuwa amepungua ratili 70, karibu kilo 32. Marekani ilikuwa vitani, chakula kikitakiwa Ulaya, na Peters akapendekeza wanawake waunde madarasa ya kumpinga Kaisari wa Ujerumani: wakutane, wapimwe, na asiyepungua atozwe faini ya kupelekwa Msalaba Mwekundu. Pendekezo hilo linachekesha hadi leo, lakini tazama jinsi lilivyojengwa. Mizani ipo, mkutano upo, hata adhabu ipo; mazungumzo hayapo. Mwanamke mnene wa Peters ni mtu anayehodhi chakula mwilini mwake wakati wengine wana njaa, na mhodhi haulizwi kwa nini alikula.

Vita vya pili vilipokwisha, hali ilikuwa nyingine. Watoto walizaliwa kwa wingi usio na mfano, hata kufikia milioni 4.3 mwaka 1957, na familia changa zilihamia vitongoji vipya nje ya miji, baba akiondoka asubuhi na mama akibaki na watoto, jokofu na duka kubwa la vyakula. Wakati huohuo kipimo cha mwili kilikuwa kimekazwa. Kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilitoa majedwali mapya ya uzito, ya wanawake mwaka 1942 na ya wanaume mwaka uliofuata. Majedwali ya zamani yaliruhusu uzito uongezeke kadiri umri unavyosonga. Haya yalifuta ruhusa hiyo, na uzito wa mtu wa miaka 25 ukawa ndio anaotakiwa kuwa nao maisha yake yote. Kwa mama aliyezaa mara tatu hukumu ilikuwa kali. Alilinganishwa na msichana aliyekuwa kabla ya mimba ya kwanza, na jedwali halikuwa na safu ya kuandika yaliyotokea katikati.

Soko lilimjibu haraka. Kulikuwa na vidonge vya amfetamini, ambavyo madaktari waliviandika bila kusita kwa wanawake waliotaka kukonda. Kisha mwaka 1959 ikaja Metrecal, unga wa kukoroga uliompa mtu kalori 900 kwa siku badala ya milo yake yote. Waliotengeneza unga huo, Mead Johnson, walijulikana zaidi kwa vyakula vya watoto wachanga, na Metrecal yenyewe ilitokana na lishe waliyowauzia wagonjwa. Basi ikawezekana, katika jiko moja, mtoto na mama yake kunywa chakula cha kampuni ileile, mmoja ili akue na mwingine ili apungue. Mwandishi Betty Friedan aliitaja Metrecal kwa uchungu katika The Feminine Mystique mwaka 1963. Kidonge na unga vilifanana kwa jambo moja: vyote vilitumiwa na mtu aliye peke yake.

Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki huenda akashangaa kwa nini niukazie upweke. Kwake, mwili wa mzazi ulikuwa shughuli ya watu wengi. Katika arobaini mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akapewa uji na supu yenye pilipili manga, akafungwa tumbo kwa mkaja, na waliofanya hayo walikuwa mama yake, shangazi, mkunga, jirani. Deni la tumbo hilo hutambuliwa hata harusini, pale bwana harusi anapotoa mkaja kwa mama wa bi harusi. Sisemi kwamba desturi hiyo ilikuwa na lengo la kumkondesha mtu. Ilikusudia kumrudishia nguvu, na mara nyingi ilimnenepesha. Ninachosema ni kwamba mabadiliko ya mwili wa mzazi yalikuwa na mashahidi. Mama wa kitongoji cha Marekani mwaka 1950 alitoka hospitali akarudi kwenye nyumba ambayo mchana mzima haikuwa na mtu mzima mwingine.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Esther Manz wa Milwaukee, Wisconsin. Wazo lake halikutoka kliniki ya unene. Lilitoka kwenye vikao vya wajawazito, wakati alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa tano: aliona jinsi wanawake walivyopata nguvu kwa kukaa pamoja na kuambiana hali zao, akajiuliza kwa nini wenye shida ya unene wasifanye hivyohivyo. Mwaka 1948 akawaita marafiki wachache kwenye meza ya jikoni kwake, na hapo likaanza shirika la TOPS. Asili hii ina uzito katika hoja yangu. Mara nyingi husemwa kwamba vikundi vya kupunguza unene viliiga vile vya walevi waliotubu, Alcoholics Anonymous, vilivyoanza mwaka 1935. Kuiga kulikuwepo, lakini kikao cha Manz kilikuwa na mama wa pili, nao ni uzazi wenyewe.

Ushahidi wa pili unajulikana zaidi, na unastahili kukaliwa. Jean Nidetch alikuwa mama wa nyumbani katika mtaa wa Little Neck, Queens, jijini New York. Mumewe alikuwa dereva wa basi na wanawe wawili walikuwa bado wadogo. Mwaka 1961 alikuwa na ratili 214, yaani kilo 97. Siku moja dukani mwanamke aliyemfahamu alimsifu jinsi alivyopendeza, kisha akamuuliza anatarajia kujifungua lini. Hakuwa na mimba. Alikwenda kliniki ya unene ya idara ya afya ya jiji, akapewa mlo uliotungwa na Dk. Norman Jolliffe: samaki mara tano kwa wiki, maini mara moja, mkate kwa kipimo, maziwa yaliyotolewa mafuta, sukari na pombe marufuku. Katika wiki kumi alipungua ratili 20. Hata hivyo usiku alikuwa akila biskuti za chokoleti alizozificha bafuni, ndani ya kikapu cha nguo chafu, na hakuweza kumwambia mtaalamu wa kliniki, mwanamke mwembamba ambaye, kwa Nidetch, hakuonekana kuwahi kuwa mnene. Basi akawaita marafiki sita sebuleni kwake akawaambia wao. Nao wakamwambia yao. Muda si mrefu sebule ikawa na watu kama 40, na Oktoba 1962 mizani yake ikasoma ratili 142.

Hapa pingamizi la kwanza linajileta lenyewe. Mlo ulikuwa wa Jolliffe. Ratili 20 za kwanza ziliondoka kabla ya kikao chochote. Kwa nini sifa aipate sebule? Jibu liko katika yaliyokuwa yakiwapata wengine waliopewa mlo bila sebule. Mwaka 1959, katika New York hiyohiyo, Mavis McLaren-Hume na daktari Albert Stunkard walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 waliofuatana katika kliniki ya lishe ya hospitali. Waliopungua ratili 20 au zaidi walikuwa 12 tu. Baada ya miaka miwili, waliobaki katika uzito huo walikuwa wawili. Hao walikuwa na wataalamu, orodha za vyakula na mizani, vitu vyote ambavyo Nidetch alipewa, na wengi waliacha kurudi. Stunkard hakuishia hapo. Aliwafuata wanawake wa TOPS katika vilabu 22 vya Philadelphia, na mwaka 1970 yeye na wenzake wakaripoti kwamba vilabu hivyo, vilivyoendeshwa na watu wasio na cheti chochote, vilipata matokeo yanayoweza kuwekwa kando ya yale ya madaktari. Mlo sahihi ulikuwa mikononi mwa madaktari muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia habari za biskuti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani kwamba linaweza kujibiwa lote. Kulinganisha kunaumiza. Katika vilabu vya TOPS vya miaka ya mwanzo aliyeongezeka uzito aliweza kuvishwa picha ya nguruwe na kuimbiwa wimbo wa nguruwe mbele ya wenzake, na aliyepungua zaidi akavikwa taji la malkia. Huo ni ukatili, hata kama wengine waliucheka, na unaonyesha kwamba chumba kilichojaa wanawake kinaweza kugeuka darasa la faini la Peters kwa urahisi. Tena, vikao hivi havikuwahi kuuliza kama jedwali la bima lilikuwa na haki. Friedan na Nidetch walifika mbele ya umma katika mwaka mmoja, na wote wawili waligusa jeraha lilelile la mwanamke aliyefungiwa nyumbani. Mmoja aliwaambia wanawake waikatae nyumba hiyo, mwingine akawasaidia waingie katika gauni la zamani. Nakubali. Lakini kuna ulinganisho wa namna mbili, na si haki kuuhukumu mmoja kwa makosa ya mwingine. Ule wa taji na nguruwe huuliza nani amemshinda nani. Ule wa Queens ulianza na mwenyeji kujitaja kuwa ameshindwa, na kila aliyesema baada yake alipata nafuu ya kujua kwamba hayuko peke yake na kikapu chake cha nguo chafu. Wanawake walirudi wiki baada ya wiki, kwa hiari yao, hata waliokuwa hawajapungua.

Biashara ilifuata. Albert na Felice Lippert, mume na mke waliofuata mpango huo wakapungua, waliona kilichokuwa kinapotea kwa kutolewa bure. Mei 1963 kampuni ya Weight Watchers iliandikishwa, na mkutano wa kwanza wa hadhara ukafanyika orofani, juu ya ukumbi wa sinema wa Little Neck. Walitarajiwa watu 50, wakaja 400. Kiingilio kilikuwa dola 2. Wakufunzi walichukuliwa kutoka miongoni mwa waliopungua wenyewe, wengi wao mama wa nyumbani ambao hapo awali hawakuwa na mshahara, na huo kwangu ndio uamuzi wa busara kuliko wote wa kampuni hiyo: uliendeleza sharti la sebule kwamba anayesema awe amepitia. Mwaka 1968 hisa zikauzwa kwa umma. Mwaka 1978 Heinz, watengenezaji wa vyakula vya makopo, walilipa takriban dola milioni 71 kuinunua kampuni nzima. Kikao kikawa na bidhaa za kuuza, na jokofu la mama likapata milo iliyogandishwa yenye jina la kikao.

Je, kikao kilichonunuliwa kilifanya kazi? Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 liliwagawa watu 423, baadhi wakapelekwa Weight Watchers na wengine wakaachwa wajisaidie kwa ushauri mfupi na vitabu. Baada ya mwaka mmoja, wale wa kwanza walikuwa wamepungua wastani wa kilo 4.3 na wale wa pili kilo 1.3. Baada ya miaka miwili walibaki na kilo 2.9 dhidi ya 0.2. Ni kidogo sana ukilinganisha na picha za matangazo, na waliohudhuria mara nyingi walipungua zaidi, jambo linaloweza kumaanisha tu kwamba wenye bidii huhudhuria. Hata hivyo tarakimu hizi hazivunji hoja yangu. Kama kikao kilizaliwa kutokana na upweke, kukipima kwa kilo peke yake ni kama kuupima upatu kwa riba. Kilo zilikuwa sababu ya kukutana. Nani anaweza kusema kwa uhakika zilikuwa sababu ya kurudi?

Tazama basi yaliyoifika kampuni. Katika karne hii ilihamishia sehemu kubwa ya kazi yake kwenye simu, ikafunga vituo vingi vya mikutano, na mwaka 2023 ikanunua huduma ya matibabu ya mtandaoni ili wateja waandikiwe sindano mpya za kupunguza njaa. Mei 2025 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 1. Wachambuzi wa masoko walisema sindano imekiua kikao. Mimi naona kikao kilikuwa kimekwisha kuondolewa dukani kabla ya sindano kufika. Kilichobaki kuuzwa, yaani hesabu ya pointi na milo ya boksi, ni kile ambacho dawa inaweza kushindana nacho. TOPS, ambayo haikuwahi kuwa na wanahisa, bado ina makao yake Milwaukee na bado huwapima wanachama wake kila wiki kwa ada ndogo.