Kutoka Beni hadi Mbeni: Tatizo la 'Ngoma za Asili'

Anayeorodhesha 'ngoma za asili' za Wanyamwanga wa Msangano hukumbana mapema na mpaka: ndugu zao wengine wako Zambia. Aidha, orodha ya namna hiyo huiacha beni nje. Ngoma hii ilizuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaenea Tanganyika pamoja na vyama vyake hasimu, Marini na Arinoti. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini iliitwa mbeni, na baada ya mgomo wa 1935 tume ya serikali ilikichunguza chama chake. Nazali hiyo ya mwanzo si jambo dogo: neno la Kiingereza lilikuwa limekwisha kuvishwa umbo la Kibantu. Mimi ningeliingiza katika orodha.