Baridi Isiyobisha Hodi

Sisi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki tumeizoea baridi ya Julai. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi, hupanda Mlima Kenya, hugeuka mawingu, na jua hufichika siku nyingi. Baridi hiyo hubisha hodi, nasi hutoa makoti mapema.

Bali iko nyingine ijayo ghafula. Mnamo Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, watu waliona mteremko umegeuka mweupe. Wengi walisema ni theluji, wakaikimbilia kwa furaha. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ni mvua ya mawe iliyoshikamana.

Januari 2012 hapakuwa na shangwe. Usiku mbingu zilikuwa wazi, bila wingu la kuzuia joto la ardhi lisipae. Hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, iliteremkia mabondeni, na sakitu, yaani umande ulioganda, ikaunguza majani chai huko Kericho na Nandi. Mashamba yaliyokuwa ya kijani yakawa ya kahawia, na wachumaji wakakosa kazi.

Ndugu, tunajifunza nini? Wingu lile tunalolinung'unikia Julai ndilo blanketi la shamba. Basi Januari, nyota zinapong'aa sana na upepo umetulia, tufunike miche yetu ya bondeni kabla ya kulala. Na kukipambazuka, tupite kwa jirani yetu mzee, tumjulie hali.