Kuhesabu Kuanzia Marejeo: Sikukuu, Kazi na Majina ya Nyakati katika Kalenda ya Waswahili

Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili ukubwani hukutana mapema na jambo linalomtatiza. Akishajua kuhesabu moja hadi kumi, huambiwa kwamba juma la kazi huanza Jumatatu. Kwamba Jumatano, yenye tano ndani yake, ni siku ya katikati. Na kwamba siku inayofuata ni Alhamisi, neno ambalo asili yake ya Kiarabu nayo ni "ya tano". Tano mbili zinafuatana, na sita haipo. Jawabu linalotolewa mara nyingi darasani ni kwamba majina hayo ni ya kukaririwa tu, au kwamba Kiswahili kilichanganya hesabu za watu wawili kikashindwa kuzipatanisha.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba jawabu hilo halitoshi, na kwamba linaficha jambo muhimu katika historia ya fikra za watu wa pwani. Majina ya siku na ya miezi katika Kiswahili yanafuata kanuni moja: hesabu huanza pale ambapo wakati wa ibada umekwisha. Siku na miezi yenye uzito wa pekee katika ibada ilipewa jina. Siku na miezi ya shughuli za kawaida ilipewa namba. Namba ya kwanza ni ya wakati ule watu wanapoondoka kwenye sikukuu na kurejea katika maisha ya kila siku.

Miezi tisa ya mfunguo

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika majina ya miezi ya mwaka wa Kiislamu. Waswahili walipokea kalenda ya mwezi mwandamo pamoja na dini yenyewe, lakini hawakupokea majina yote kumi na mawili. Walichukua matatu tu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Miezi tisa iliyobaki waliipa majina kwa mpango wao wenyewe. Shawwal ikaitwa Mfunguo Mosi, Dhul-Qa'da ikawa Mfunguo Pili, Dhul-Hijja Mfunguo Tatu, na kuendelea hivyo mpaka Mfunguo Tisa, unaotangulia Rajabu. Edward Steere, katika kitabu chake kuhusu Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa mwaka 1870, aliyakuta majina haya yakitumika.

Tokeo la mpango huo si dogo. Kwa hesabu ya Kiarabu mwaka huanza Muharram. Kwa majina ya Kiswahili Muharram ni Mfunguo Nne, mwezi uliomo ndani ya mfululizo ambao tayari umeanza. Mwanzo wa mfululizo ni mwezi unaofuata saumu. Mtu aliyetaja Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, alikuwa anasema, kwa maana ya maneno yenyewe, kwamba huo ni mwezi wa sita tangu watu walipofungua.

Muundo wa neno unastahili kuzingatiwa. Kitenzi *funga* kina kinyume chake *fungua*, kwa kiambishi kile kile cha kutengua kinachopatikana katika *ziba* na *zibua*, *kunja* na *kunjua*. Kufunga ni kujizuia na chakula mchana. Kufungua ni kuitengua hali hiyo. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa *kifungua kinywa*, chakula cha asubuhi. Katika Ramadhani mpangilio wa siku hugeuka. Chakula huhamia usiku, kuanzia futari hadi daku. Sala ya tarawehe hurefusha jioni. Kazi za mchana hupunguzwa kasi. Asubuhi ya Idi mosi, mlo wa mchana hurudi mahali pake. Kwa hiyo mfunguo si sherehe, bali ni kurejea kwa mpangilio wa kawaida wa siku, na mpangilio huo ndio unaohesabiwa kwa miezi tisa.

Huenda mtu akapinga kwamba miezi ya mfunguo nayo ina sikukuu zake: Idi ya Hija huangukia tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, na Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haivunji kanuni. Sikukuu hizo ni siku ndani ya mwezi. Hazibadilishi saa za kula, kulala na kufanya kazi kwa mwezi mzima. Ramadhani ndiyo inayofanya hivyo, na ndiyo iliyofanywa mpaka wa hesabu.

Siku tano baada ya Ijumaa

Kanuni hiyo hiyo imo katika juma. Neno *juma* lenyewe limetokana na Ijumaa: kipindi kizima kimepewa jina la siku yake kuu. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya hiyo, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano, ya tano. Kwa Kiarabu hesabu huanza siku ambayo Waswahili huiita Jumapili. Ndiyo sababu Alhamisi ni ya tano kwa hesabu hiyo, na Jumatano ni ya tano kwa hesabu ya pwani. Hakuna kosa katika mfululizo huu. Kuna mahali ambapo namba zinaishia na majina yanaanza.

Mwaka una miezi tisa yenye namba na mitatu yenye majina ya Kiarabu; juma lina siku tano zenye namba na mbili zenye majina ya Kiarabu. Katika vyuo vingi vya Qurani vya pwani, Alhamisi na Ijumaa ndizo siku ambazo watoto hawasomi, na Jumamosi ndiyo siku ya kurudi chuoni. Mlingano huo peke yake hauwi ushahidi wa asili ya majina, lakini unaonyesha kwamba hesabu ya mosi hadi tano ililingana na juma ambalo watu waliliishi.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba Ijumaa katika Uislamu si siku ya kuacha kazi tangu asubuhi hadi jioni. Sura ya 62 ya Qurani, inayobeba jina la siku hiyo, inawaagiza waumini waache biashara wanapoitwa kwenye sala, na sala ikiisha watawanyike kutafuta riziki. Kurejea kazini ni sehemu ya mafundisho ya siku yenyewe. Lugha iliyoihesabu kesho yake kuwa siku ya kwanza haikuwa mbali na fundisho hilo.

Kwa upande wa lugha, neno *mosi* linaongeza ushahidi. Katika kuhesabu vitu vya kawaida nafasi yake imechukuliwa na *moja*, lakini limedumu katika Jumamosi, Mfunguo Mosi na Idi Mosi. Lilikuwa bado na nguvu kiasi cha kutumika hata kwa sikukuu ya wafanyakazi isiyo ya dini, Mei Mosi.

Saa na mwaka wa jua

Mazoea ya kuhesabu kuanzia mpakani yanaonekana hata katika vipimo vingine vya wakati. Saa moja ya asubuhi ni saa moja iliyokwisha kupita tangu jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni iliyopita tangu jua kuzama. Siku ya Waswahili huanza magharibi, na magazeti ya leo yanaendelea kuandika "usiku wa kuamkia Jumatatu", ingawa wengi wa wasomaji wake huhesabu siku kuanzia usiku wa manane.

Kando ya mwaka wa mwezi, Steere alieleza mwaka wa pili uliotumiwa Unguja, wenye siku 365, uliofuatwa na mabaharia na wakulima. Siku yake ya kwanza iliitwa Siku ya Mwaka au Nairuzi, neno lenye asili ya Kiajemi, na siku zilizofuata zilihesabiwa kwa makumi yaliyoitwa miongo. Katika siku hiyo watu walioga baharini, wakazima moto wa zamani na kuwasha mpya kwa kupekecha vijiti. Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe hiyo huendelezwa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Hapa nako moto mpya wa jikoni ndio uliofungua hesabu ya makumi ambayo kwayo watu walijua wakati wa kulima na wa kusafiri.

Mpaka ulipohamishwa

Utawala wa Wajerumani bara, uliotangazwa mwaka 1885, na ule wa Waingereza, walioifanya Zanzibar nchi ya himaya mwaka 1890, ulikuja na juma jingine. Ofisi na shule za misheni zilipumzika Jumapili na kufunguliwa Jumatatu. Majina hayakubadilishwa, kilichobadilika ni mpaka. Siku ya pili ya kazi ikawa siku ya mapumziko, na siku ya tatu ikawa ya kwanza. Tangu hapo msemaji wa Kiswahili anataja namba ambazo maisha yake hayazithibitishi tena.

Ulinganisho na majirani unalifafanua jambo hili. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, Jumatatu huitwa *ku wa mbere*, yaani "ya kwanza", na hesabu huendelea kutoka hapo. Kwa Kilingala nayo ni *mokolo ya liboso*, siku ya kwanza. Katika lugha hizo hesabu ilipangwa kulingana na Jumapili ya Wakristo. Mkazi wa Bujumbura anayetumia Kirundi na Kiswahili hukutana na "ya tatu" mbili tofauti: *ku wa gatatu* ya Kirundi ni Jumatano, na Jumatatu ya Kiswahili ni *ku wa mbere*. Tofauti iko katika siku ya mapumziko iliyochaguliwa kuwa mpaka. Kanuni ya kuhesabu kuanzia marejeo ni ile ile.

Mfano wa Oman ni wa karibu zaidi. Mpaka mwaka 2013 mapumziko ya serikali huko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na kazi zilianza Jumamosi. Kwa Waomani wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa wa familia zilizotoka Zanzibar, namba na kazi zilikuwa zikioana kikamilifu katika ofisi za Muscat wakati ambapo Dar es Salaam na Nairobi zilikuwa zimekwisha kuachana. Mwezi Mei mwaka huo mapumziko yalihamishiwa Ijumaa na Jumamosi, na huko nako mosi ikawa siku ya kupumzika.

Hatima ya mfunguo

Majina ya siku yamesalimika kwa sababu kila mtu anayahitaji. Majina ya miezi hayana kinga hiyo. Matangazo na kalenda nyingi zinazochapishwa huandika Shawwal na Dhul-Hijja, na matumizi ya mfunguo yamebaki zaidi kwa wazee na kwa wanaofuatilia ibada. Pale yanapotumika, mara nyingi irabu moja imedondoka: husemwa Mfungo Mosi, Mfungo Tatu, Mfungo Sita. Matamshi hayo ni ya kawaida na hayana kosa kimazungumzo, lakini kwa kuwa vyombo vya habari husema "mfungo wa Ramadhani", kijana akisikia Mfungo Mosi anaweza kudhani ni mwanzo wa saumu, na si mwisho wake. Kiambishi cha kutengua kikipotea, maana inageuka kuwa kinyume.

Wakati huo huo haja ya kuyataja marejeo haijaisha. Nchini Kenya watu wameunda neno la mzaha *Njaanuari*, kwa kuunganisha *njaa* na *Januari*, kwa ajili ya mwezi wa kurudi kazini na kulipa karo baada ya matumizi ya Krismasi. Kalenda ya zamani iliuita mwezi wa marejeo kwa jina la kufungua kinywa. Hii mpya imeuita kwa jina la kukosa cha kutia kinywani. Mwanaisimu hapaswi kulipuuza neno hilo kwa kuwa ni la mitaani, kwani linafanya kazi ile ile ambayo mfunguo ulifanya.

Hitimisho

Mara nyingi kalenda ya Waswahili imeelezwa kuwa ya kuazima, Kiarabu kwa upande mmoja na Kiajemi kwa mwingine. Ushahidi wa majina unaonyesha kwamba walioazima walichagua, na walichokiunda wenyewe ni mfumo wa kuhesabu siku za kazi kutoka kwenye ibada. Kwa mwalimu, hilo lina matumizi ya moja kwa moja: siku zifundishwe kwa kuanzia Jumamosi, na mwanafunzi aelezwe ni nini kilichokwisha siku iliyotangulia. Kwa watunga kamusi, *mfunguo* uwekwe pamoja na miezi yake yote tisa na kuunganishwa na kitenzi *fungua*, ili hata pale matamshi yatakapokuwa yamepoteza irabu, maandishi yaendelee kueleza kwamba mwezi huo ulihesabiwa kuwa wa kwanza kwa sababu ndani yake watu walirudi kula mchana na kwenda kazini.