Funguo za Gitaa Kuukuu

Ewe msomaji, ukibahatika kuingia nyumba ya mzee wa Kaloleni, Makongeni au Shauri Moyo, huenda ukaliona gitaa limetundikwa ukutani, rangi imebabuka, nyuzi zimelegea. Litazame kichwani, pale zilipo funguo sita za kukazia nyuzi. Pana historia pale, nayo ni wachache walioiandika.

Zamani vinanda vya nyuzi havikuwa na vyuma kichwani. Udi, ambao watu wa pwani yetu huupiga katika taarabu, mpaka leo hukazwa kwa vigingi vya mti vilivyochomekwa matunduni. Msuguano tu ndio uvizuiao. Hewa ikibadilika, mti huvimba au hunywea, na sauti ikahama. Katika karne ya 19 mafundi wa Ulaya, miongoni mwao Johann Georg Stauffer wa Vienna, waliyatia magitaa yao mtambo mdogo: parafujo isukumayo gurudumu lenye meno. Kila mzunguko wa ufunguo husogeza jino moja tu. Gurudumu likiwa na meno 14, hapana budi ufunguo uzungushwe mara 14 ndipo mhimili ushikao uzi uzunguke mara moja. Kwa hiyo hata mkono wa mtoto waweza kuukaza uzi wa chuma, nao uzi hauwezi kuurudisha ufunguo nyuma. Si jambo dogo hilo, kwani nyuzi sita za chuma kwa pamoja huvuta kwa nguvu ipatayo kilo 70.

Na nyuzi za chuma ndizo zilizovuma Nairobi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari walirejea makwao. Fundi Konde, mmoja wao, alikuwa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles. Pumwani ilikuwako tangu miaka ya 1920. Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940, ikapata na ukumbi wake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Na mwaka 1959 Mwenda mwenyewe akafika Nairobi. Vijana wakasikia gitaa moja likifanya kazi ya mawili: kidole gumba kikishika sauti nene, cha shahada kikiimba juu yake. George Mukabi naye alipiga gitaa huku chupa ya soda ikikwaruzwa kando. Fadhili William na Daudi Kabaka wakarekodi katika studio ya Equator Sound.

Majina hayo twayajua. Mafundi walioyafanya magitaa ya mitaani yaendelee kulia hatuwajui, na kwangu mimi hilo ni pengo kubwa kuliko tarehe yoyote iliyokosekana. Gitaa la mfanyakazi halikuwa la fahari. (Hata John Lennon wa Liverpool alianza na Gallotone Champion, gitaa la bei rahisi lililotengenezwa Afrika Kusini.) Liliazimwa, likauzwa, likarithiwa, kila aliyelitengeneza aliacha alama yake kichwani.

Basi yamkini siku moja utaombwa ubadilishe funguo za gitaa kama hilo. Kwanza zijaribu kwa tone la mafuta ya cherehani; huenda hazihitaji zaidi. Zikiwa zimekufa kweli, legeza nyuzi zote kidogo kidogo, kisha pima kabla ya kununua. Funguo nyingi za zamani zilifungwa tatu tatu katika kipande kimoja cha bati, na nafasi kati ya mihimili isipolingana, hazitaingia. Tena nyingi za siku hizi hutaka tundu la milimita 10, na tundu la zamani ni jembamba kuliko hilo. Ukilipanua umeondoa mti usiorudishika, na ushahidi pamoja nao. Afadhali utafute funguo zitoshazo tundu lililopo. Matundu ya parafujo yaliyolegea yazibe kwa kijiti kigumu na gundi.

Funguo za zamani zitie katika bahasha, uandike juu yake jina la mwenye gitaa, mtaa na mwaka. Na ukikuta parafujo moja haifanani na wenzake, muulize mzee ni nani aliyeitia, na aliitoa wapi.